Kizibo cha Shaba

"Tata Kalala hatakuya leo," shefu wa depo alisema. "Malaria inamukamata tangu jana. Treni itaenda na Tshimanga."

Kalenga alikuwa amechuchumaa chini ya garimoshi, akipangusa bomba ambalo tayari lilikuwa linang'aa. Mkono ulisimama. Akajitahidi kuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Tshimanga wa diesel?"

"Tuko na Tshimanga bangapi? Toka pale chini, enda ukanawe. Saa tatu banapiga picha, na weye uko mu picha."

Shefu Mwamba akaenda zake, viatu vyake vipya vikilalamika kwa kila hatua. Kalenga akabaki pale pale. Jasho lilimtiririka mgongoni, na halikuwa jasho la joto la Oktoba, maana jua la Kolwezi lilikuwa bado halijapanda juu ya paa za Kapata, mtaa wa wafanyakazi. Aliingiza mkono mfukoni, akakigusa kile kitu kizito alichokuwa akikibeba kwa siku nane, kisha akautoa mkono upesi kama mwizi.

Inabidi tuieleze kwanza mashine hii, la sivyo hofu ya mzee wa watu itaonekana upuuzi. Zilikuwa tatu. Zilitoka Uingereza kabla ya vita vya Hitler, na watu wa Kapata waliziita Bangereza: wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu. Zilikuwa fupi na nene. Hazikuburuta nyuma gari la maji kama magarimoshi makubwa. Maji yake zilibeba zenyewe katika matanki mawili ya ubavuni, kama mtu anayetoka bombani na ndoo mbili. Zilikwenda mbele au kinyumenyume kwa mwendo uleule, bila kuhitaji kugeuzwa. Kuvuta shaba ya migodi haikuwa kazi yao. Wao walivuta mabehewa matatu ya abiria, Kapata mpaka mjini asubuhi, mjini mpaka Kapata jioni, na ndani yake wafanyakazi, wanafunzi, na akina mama na mabeseni yao ya unga na samaki wakavu. Nusu ya ndoa za Kapata zilianzia katika mabehewa yale, na Kalenga mwenyewe hakuwa na haki ya kubisha.

Mwaka huu wa 1974 wa Kwanza alikuwa amebaki mifupa, kwa sababu kila kilichovunjika kwa wenzake kilichukuliwa kwake. Wa Tatu alikuwa amekaa juu ya mawe, hana magurudumu. Aliyebaki ni wa Pili, na leo, Jumamosi, ilikuwa safari yake ya mwisho. Kuanzia Jumatatu watu wangepanda mabasi. Kampuni ilitaka kumuaga kwa heshima: mkubwa atakuja kutoka mjini, akina mama watacheza, na wafanyakazi wa siku nyingi watapewa vyeti. Kalenga, fundi wa boila kwa miaka ishirini na sita, alikuwa mmojawapo.

Sasa, ndani ya boila, juu kabisa ya sanduku la moto, kuna kizibo. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na tumbo lake limejazwa risasi, ile metali laini inayoyeyuka upesi. Watu wa depo walikiita plomb. Maji yakipungua mpaka dari la sanduku la moto likabaki wazi, risasi huyeyuka, mvuke hushuka juu ya makaa kwa kelele, na hata dereva aliyelewa hujua kuwa amekosa. Akauzima moto, watu wakaenda nyumbani kwao. Bila risasi ile, dari hulainika kimyakimya, na boila lote hupasuka mara moja. Kalenga alipokuwa kijana aliwahi kuona mahali boila la kiwanda cha mbao lilipopasukia. Walipata mlango wa tanuri ng'ambo ya barabara. Wachochea moto wawili hawakupatikana vizuri.

Kwa hiyo depo ilikuwa na desturi yake. Fundi anayetia kizibo hupiga herufi yake juu ya kichwa cha kizibo kile kwa nyundo na patasi, ili siku ya lawama watu wasitafutane. Kizibo kilichokuwa ndani ya wa Pili asubuhi ile kilikuwa na K kubwa, nzuri, iliyonyooka. Lakini tumbo lake halikuwa na risasi. Lilikuwa na shaba.

Ilitokea hivi. Shemeji yake Barnabé, anayevua samaki katika Lualaba, alikuja mwezi wa nane akilia kwamba nyavu zake zinaelea kama majani, hazina uzito wa kuzizamisha. Kalenga akampa kipande cha mwisho cha risasi kilichokuwa katika sanduku lake la kazi. Kutoa kwa shemeji si wizi, alijiambia, na stoo wataleta nyingine. Stoo hawakuleta. Siku ya kuosha boila ilipofika, akakuta kizibo cha zamani kimeliwa, chembamba kama kucha, na shefu Mwamba amesimama mlangoni akiuliza kama kesho watu wataenda kazini kwa miguu. Risasi katika mji ule ni kitu cha kutafuta. Shaba unajikwaa nayo njiani. Kalenga akakata kipande cha fimbo ya shaba, akakipigilia ndani ya tundu la kizibo, akapiga herufi yake, akakitia. Mwezi mmoja tu, alijiambia. Siku nyingine ya kuosha nitakitoa.

Na kweli alitengeneza kingine. Alipata betri iliyokufa ya lori, akaipasua nyuma ya nyumba, akayeyusha risasi yake, akamimina kizibo kizuri kuliko vyote alivyowahi kumimina. Ndicho kilichokuwa mfukoni. Ila siku ya kuosha ilipowadia, shefu alicheka: "Uoshe ya nini? Hii mashine inaenda kulala." Na kizibo hakibadilishwi boila likiwa na moto. Linataka kupoa siku mbili nzima ndipo mtu aingie ndani.

Angesema, lakini aliogopa, na tusimdanganye msomaji kwamba aliogopa kidogo. Nyumba za Kapata zilikuwa za kazi. Ukifukuzwa leo, kesho unatoa vitanda nje, na yeye alikuwa na watoto wanne na mama mkwe aliyekuwa haoni tena. Zaidi ya hayo, miaka ile kulikuwa na neno moja, sabotage, yaani hujuma, ambalo wakubwa walilitamka kwa sauti ya chini, na mtu aliyeangukiwa nalo hakuonekana tena sokoni. Shaba ndani ya plomb, katika treni ya abiria? Nani angesikiliza habari za nyavu za shemeji?

Basi alikuwa amemwachia Mungu na mzee Kalala, dereva wa siku zote. Kalala aliangalia kioo kinachoonyesha maji ya boila kama mama anavyochungulia chungu cha maharage. Kwa Kalala maji hayangepungua hata kidole kimoja. Na sasa Kalala amelala na malaria.

Kalenga akapanda ngazi ya mashine. Tshimanga, mtu wa miaka arobaini mwenye miwani ya jua, alikuwa akigusa mipini mmoja baada ya mwingine kama mgeni aliyeingia jikoni kwa watu. Nyuma yake mchochea moto alikuwa akitupa makaa.

"Tata Kalenga! Kuya uone namna natawala hii sufuria."

"Ungali unaikumbuka?"

"Nilijifunzaka mu hii, mbele ya kuenda ku diesel. Miaka kumi na moja inapita. Mukono hausahaulaka."

"Chunga mayi."

"Nitachunga."

"Hapana, sikia. Mbele ya muteremuko wa kilometre ya tano, simama, ujaze kwanza. Tata Kalala anafanyaka vile. Mashine ikiinama, mayi yote inakimbia ku mbele, ku moto kunabaki wazi."

Tshimanga akacheka, akampiga bega. "Tata, plomb iko mule ya nini? Ku école balitufundisha: mashinisti anaweza kusinzia, plomb hailalaka. Ikilia, nazima moto. Hakuna mutu atakufa."

Kalenga alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, nyuma ya meno, fupi kabisa. Mchochea moto akageuka na koleo lake, akamtazama.

"Ni vile," Kalenga akasema, akateremka. Alijichukia mpaka miguuni.

Akamkuta shefu Mwamba akipanga viti vya wageni.

"Shefu, uniache niende juu ya mashine. Tshimanga ni mugeni kule."

"Na cheti? Mukubwa akutafute mu makaa? Utaikala mu behewa ya kwanza, na suti yako ya abacost, fasi banakuona."

"Shefu, niko na neno."

"Neno ya siku ya Lundi." Mwamba akamsogelea, sauti ikashuka. "Kalenga, sikia. Leo, ku depo yangu, hata kuku asikufe. Unasikia? Kuko batu banaangalia."

Haya ndiyo yaliyompata: kila mlango aliougonga ulifunguliwa kidogo, ukafungwa kwa adabu.

Kisha akina mama wakafika wakiimba, wapatao thelathini, vitenge vya rangi moja, na katikati yao Adolphine, mkewe, jina la Kizungu ambalo serikali ilikuwa imelifuta kwenye vitambulisho lakini si kinywani mwa majirani. Alikuwa na viatu vya kuazima vilivyombana, na furaha ya mtu aliyefanya mazoezi ya ngoma wiki tatu. Kalenga akamvuta kando, nyuma ya rundo la makaa, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Ngalula, usipande."

"Nini?"

"Ubaki nyumbani. Kichwa changu hakikamate vizuri leo."

"Kichwa ni chako, miguu ni yangu." Akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Hauna moto. Juu ya nini unatetemeka? Unaogopa kupiga picha?"

"Mama Ngalula..."

"Wiki tatu tunacheza mu vumbi! Nitabaki niambie benzangu nini? Bwana yangu aliota?"

Akacheka, akarudi kwa wenzake akichechemea ndani ya viatu vya watu. Kalenga akatazama mgongo wake mpaka ukachanganyika na migongo mingine ya rangi ileile.

Saa tatu mkubwa hakuwa amefika. Saa nne hakuwa amefika. Saa tano kasorobo watu walikuwa wameshapanda, wameshashuka kutafuta kivuli, wameshapanda tena, na wa Pili alikuwa amesimama juani na moto wake tumboni tangu alfajiri. Kalenga akapita ubavuni mwake akajifanya anakagua rangi, akaweka mkono juu ya tanki. Akauondoa. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa ya kuogea mtu mwenye baridi yabisi.

Maji ya tanki huingizwa ndani ya boila na injekta, pampu isiyo na gurudumu wala mkanda, inayosukumwa na mvuke wenyewe. Ni kitu cha ajabu, lakini kina tabia kama mtoto aliyedeka: maji yakiwa ya moto, kinakataa. Hutema mvuke chini, hutema maji chini, na boila halipati hata tone. Kalala angemwagilia mabomba maji ya kisima tangu saa mbili. Tshimanga alikuwa kivulini na miwani yake, akinywa bia ya Simba.

Gari la mkubwa likatokea katika vumbi. Makofi, ngoma, hotuba ambayo hakuna aliyeisikia kwa sababu mashine ilikuwa ikipumua. Vyeti vikatolewa. Kalenga alishika chake kwa mkono uliolowa, na herufi za jina lake zikachafuka. Kisha filimbi, na treni ikaondoka Kapata, watoto wakikimbia kando yake na watu wazima wakipunga leso.

Alikaa benchi la tatu la behewa la kwanza, karibu na dirisha. Mbele yake mkubwa na watu wake, nyuma yake akina mama. Alikuwa akisikiliza. Miaka ishirini na sita ilikuwa imemfundisha sauti ya injekta inapokubali: huimba wimbo mmoja mwembamba, usiopanda wala kushuka, na ukiusikia unajua boila linakunywa. Alingoja wimbo ule kilomita ya kwanza. Alingoja ya pili. Akina mama walikuwa wakiimba nyimbo za chama, wakipiga makofi na sakafu, na Adolphine ndiye aliyekuwa akianzisha. Kilomita ya tatu Kalenga alitoa kichwa nje ya dirisha. Chini ya mashine, pembeni, mvuke mweupe ulikuwa ukitoka ovyo na maji yakimwagika juu ya mawe. Ukakatika. Ukaanza tena. Wanajaribu, akawaza. Inakataa.

Au labda hiyo ni injekta ya kushoto, na ya kulia inaimba? Hakusikia. Alikuwa hasikii kitu zaidi ya makofi.

Akasimama. Mtu ambaye katika mikutano yote ya Kapata alikuwa akikaa nyuma kabisa, alisimama katikati ya behewa, mbele ya mkubwa, na kupiga kelele:

"Munyamaze! Bamama, munyamaze!"

Wimbo ulikufa. Adolphine alimtazama kwa mdomo wazi. Mkubwa aligeuza shingo polepole. Katika kimya kile, kwa muda wa pumzi tatu, Kalenga alisikia magurudumu, akasikia mvuke unaopotea bure kushoto, akasikia mvuke unaopotea bure kulia. Wimbo haukuwepo. Na nje ya dirisha akaona bango la kilomita ya tano, na baada ya bango lile ardhi inaanza kuinama kuelekea kijito.

Mnyororo wa hatari ulikuwa juu ya mlango. Hakuna mtu aliyewahi kuuvuta kwa miaka yote ile, ulikuwa umepakwa rangi pamoja na ukuta. Kalenga akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, rangi ikapasuka, breki zikashika, na watu wakaangukiana.

Aliruka chini kabla treni haijasimama sawasawa. Alikimbia juu ya mawe na abacost yake ya kuazima, miaka hamsini na miwili, goti moja bovu. Tshimanga alikuwa ameinama nje, uso umelowa, miwani hana tena.

"Nani anavuta? Nani?"

"Mayi iko wapi?" Kalenga alikuwa tayari kwenye ngazi.

"Injekta zote mbili zinakataa. Mayi ya tanki inapata moto..."

"Mayi iko wapi!"

Tshimanga akaonyesha kioo. Kalenga akakitazama, akafungua bomba la kukisafisha, akakitazama tena. Kitupu. Katika kioo hakukuwa na kitu chochote isipokuwa mstari wa kutu chini kabisa. Hapa kwenye tambarare, alihesabu, bado kuna maji vidole viwili juu ya dari la moto. Mashine ikiinama mbele, hakuna.

"Tunaweza kufika," Tshimanga alisema haraka, kama mtu anayejibembeleza. "Chini ya muteremuko kuko mayi ya baridi, tunamwagilia injekta, inakamata. Dakika tatu. Plomb haiseme kitu, ni kusema mayi ingaliko."

"Haitasema."

"Namna gani haitasema?"

Nyuma yao watu walikuwa wameanza kushuka. Kalenga alisikia sauti ya shefu Mwamba ikiita. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kizibo cha risasi, akakiweka katika kiganja cha Tshimanga na kukifunga vidole vyake juu yake.

"Hii njo plomb yake. Ile iko mule, ni mukuba, ni shaba. Miye njo nilitia. Miye mwenyewe. Hata dari ikiwa nyekundu, haitayeyuka."

Mchochea moto alishusha koleo. Tshimanga alikitazama kizibo, akakitazama kioo, halafu akayatazama mabehewa matatu yaliyojaa watu, vichwa vimetoka kila dirisha, na vitenge, na watoto waliopandishwa mapajani.

"Weye tata," alisema. "Weye tata, ulinipatia hii mashine asubuhi, na unajua."

Kalenga alichukua chuma cha kukorogea, akafungua mlango wa moto, na wote watatu wakaanza kuutoa. Waliuangusha moto wote chini, katikati ya reli, koleo kwa koleo, mpaka nyusi zikaungua. Abacost ilipata matundu mawili ya cheche. Sindano ya kipimo cha mvuke ilishuka, ikashuka, na wa Pili akabaki amesimama kwenye tambarare, kidomo chake mita thelathini kutoka mahali njia inapoinama.

Shefu Mwamba akafika akihema.

"Nini? Mukubwa anauliza nini?"

"Injekta," Tshimanga alisema. "Zilikataa. Mayi ilipotea mu kioo." Kisha akanyoosha mkono na kufungua kiganja. Kizibo kilikuwa kimemwachia alama katika ngozi.

Mwamba hakuwa mjinga. Kabla ya kuwa shefu alikuwa ametambaa ndani ya masanduku ya moto miaka kumi. Akakichukua, akakipima uzito, akakigeuza kutafuta herufi, asiione: hakikuwahi kutiwa. Akamtazama Kalenga. Kalenga akamwona anaelewa, hatua kwa hatua, na kila hatua ikimzeesha.

"Shefu," Kalenga alisema, "ni miye..."

"Nyamaza."

"Nataka kusema."

"Nasema unyamaze!" Mwamba akageuka kuona nani yuko karibu. Kule nyuma watu wa mkubwa walikuwa wakija, mmoja wao na kidaftari. "Leo hauniambie kitu. Unasikia? Leo ni injekta. Ukisema leo, banakuchukua hapa hapa, na miye pamoja na weye. Boila ikipoa, nitaingia miye mwenyewe, na macho yangu. Kile nitakiona mule, nitakiandika. Sitakufichia." Akatia kizibo mfukoni mwake. "Sitaweza kukufichia, Kalenga. Batu mia moja na makumi ine."

Akaenda kuwapokea wale watu akitabasamu, mikono miwili mbele.

Mkubwa alichukuliwa na gari lake lililokuwa likifuata kwa barabara. Waliobaki wakaambiwa watembee. Mji haukuwa mbali. Walilalamika, wakacheka, wakamtania Tshimanga kwamba amemuua Mwingereza siku ya harusi yake. Wachache walimtazama Kalenga kwa jicho la kando, yule mzee aliyewafokea akina mama. Treni yote ilimwagika njiani, ikawa mstari mrefu wa vitenge na mabeseni kando ya reli, kisha mstari ukaingia katika vichaka vya kijito, na nyimbo zikasikika upande wa pili. Tshimanga na mchochea moto wakaenda kutafuta simu ya stesheni. Shefu alimwambia Kalenga abaki alinde mashine.

Alikaa juu ya reli, katika kivuli kifupi cha tanki. Makaa waliyoyaangusha yalikuwa yakigeuka kijivu.

Adolphine alirudi peke yake, viatu vya kuazima mkononi.

"Ulinipatisha haya," alisema kwa mbali. "Mbele ya mukubwa! Batu banauliza kama bwana yangu anakunywa." Alipomkaribia akaacha. "Tata Ngalula. Ni nini?"

Alimwambia. Alimwambia yote, tangu nyavu za Barnabé mpaka mkono wa Tshimanga, bila kujitetea na bila kumtazama. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Wiki tano za kutolala, na maneno yake hayakumaliza hata dakika tano.

Adolphine alikuwa amesimama. Aligeuka akayatazama mabehewa matupu, milango imeachwa wazi, leso moja imesahauliwa dirishani kwenye benchi lililokuwa lake. Kisha akatazama mteremko.

"Na ulijua vile, na nilipanda."

"Nilikuambia ubaki."

"Uliniambia kichwa chako hakikamate vizuri."

"Ndiyo."

Akakaa, si karibu naye sana, kwenye reli ya pili. Upepo wa mchana ulileta harufu ya majivu.

"Nyumba?" aliuliza.

"Nyumba ni ya kazi."

"Na mama, atalala wapi?"

Ndani ya boila chuma kilianza kulia kidogo kidogo, ti, ti, kama kinavyolia chuma kinapoachwa na moto, na Adolphine akashtuka.

"Ni nini ile?"

"Inaanza kupoa."

"Itapoa kwa muda gani?"

"Siku mbili. Halafu shefu ataingia."

Alilifikiria hilo. Akahama kutoka reli ya pili, akaja upande wake, akaegemeza mgongo kwenye gurudumu, miguu yenye malengelenge imenyooshwa juu ya mawe. Chuma kikalia tena, ti, na wote wawili wakasikiliza kama kitaendelea.

"Ipoe polepole," Adolphine alisema.